Apolo Kivebulaya: Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Kamati yetu ya jumuiya imetuomba tuandike, kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho, habari za mtu mmoja wa zamani aliyelishika neno la Mungu kwa mikono yake na siyo kwa kinywa tu. Hatukuhangaika kumtafuta. Tumemchagua Kasisi Apolo Kivebulaya, ambaye Kanisa la Anglikana humkumbuka kila mwaka tarehe 30 Mei.

Wale tuliotoka Ituri tumelisikia jina hilo tangu utoto wetu. Lakini vijana waliozaliwa hapa kambini wanalijua kama jina tu, na tulipowauliza darasani Apolo alikuwa nani, mmoja alijibu kwamba alikuwa Mzungu. Hapo tukaona kazi ipo. Apolo alikuwa Mwafrika, Muganda. Kanisa la Anglikana la nchi yetu, ambalo mwaka 1972 lilipata dayosisi yake ya kwanza huko Boga na mwaka 1992 likawa jimbo kamili, halikupandwa na Wazungu. Lilianzia katika kibanda cha nyasi cha mtu huyu.

Tena kuna jambo lingine linalotugusa. Njia aliyopita Apolo ndiyo njia tuliyopita sisi, ila yeye alikwenda na sisi tukaja. Yeye aliondoka Uganda, akavuka mto Semliki, akapanda mlima hadi Boga. Sisi tuliteremka mlima ule ule, tukavuka Semliki, na wengine Ziwa Albert, tukaingia Uganda. Yeye alikuwa mgeni kwetu kabla sisi hatujawa wageni kwao.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume anayetangulia huitwa Waswa. Hilo ndilo jina alilokua nalo. Katika ujana wake aliifuata dini ya Kiislamu kwa muda, na pia alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule mmisionari aliyekuwa fundi wa chuma na mbao. Mwaka 1888 vita vya dini vilipoipasua Buganda, Waswa alianza upande wa Waislamu, kisha akawaacha akajiunga na Wakristo, ambao wakati huo walikuwa wamefukuzwa nchini mwao na kukimbilia Nkore. Hatuandiki haya ili kuwaudhi ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao hapa vizuri. Tunayaandika kwa sababu yanaonyesha kwamba kijana huyu hakuwa mtakatifu tangu tumboni. Alipigana vita akiwa upande huu, akapigana akiwa upande ule. Wasimulizi wa maisha yake hawafichi kwamba alikunywa pombe na kuvuta bangi. Mwaka 1891 alikwenda Toro katika msafara wa Kapteni Lugard, Mwingereza aliyemrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme. Huko ndiko alikoiona mara ya kwanza milima ya Ruwenzori, na ng'ambo yake nchi ambayo baadaye ingekuwa nchi yake.

Jina la Kivebulaya watu walimpachika kwa sababu ya vazi lake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Hilo huenda ndilo lililompoteza yule mwanafunzi wetu.

Alibatizwa mwaka 1895, akachagua jina la Apolo. Yule Apolo wa kwanza, tunayemsoma katika Matendo ya Mitume, alikuwa mtu wa maneno mazuri lakini hakuijua njia vizuri, mpaka Akwila na mkewe Priskila walipomchukua na kumfundisha. Na Akwila na Priskila walikuwa nani? Walikuwa wakimbizi. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, nao wakaenda Korintho, wakaishi kwa kushona mahema, na Paulo akashona pamoja nao. Tunapenda kuwakumbusha wasomaji habari hii kila mara, maana wengine hudhani ukimbizi ni laana, na wengine hudhani kazi ya mikono ni aibu kwa mtu aliyesoma.

Mke wa Apolo alifariki, na baada ya hapo hakuoa tena hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka ule ule wa ubatizo wake alitumwa Toro kuwa mwalimu wa Injili. Mambo yalikwenda vizuri huko, hata Mfalme Kasagama mwenyewe akabatizwa mwaka 1896 na kuitwa Daudi. Apolo angeweza kukaa hapo karibu na mfalme, akala na kuvaa vizuri. Lakini ilisikika habari kwamba ng'ambo ya Semliki, mahali paitwapo Boga, walimu wawili waliotangulia walikuwa wamerudi. Chifu wa huko, Tabaro, aliwafanya wanyimwe chakula, nao walishindwa kukaa kwa njaa. Apolo akajitoa kwenda mahali pao.

Kabla ya kuondoka alinunua jembe.

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Katika Buganda ya wakati ule kulima shamba la ndizi na viazi ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanaume alikwenda vitani, alijenga, alitengeneza nguo za magome ya miti, alihudhuria barazani kwa mkubwa wake. Mwanaume aliyetembea na jembe begani, tena mwanaume aliyewahi kushika bunduki, tena mwalimu mwenye kitabu mkononi, alikuwa kichekesho. Apolo alielewa jambo dogo ambalo wenzake wawili hawakulielewa: ukimtegemea chifu kwa chakula, chifu atakufunga kinywa siku anayotaka. Akaenda na jembe, akalima, akala jasho lake. Paulo aliwaandikia Wathesalonike maneno ya namna hiyo hiyo, na sisi wote tumeyasikia yakihubiriwa. Apolo aliyasoma, kisha akaenda sokoni.

Sisi tunaoandika habari hii tunapaswa kusema ukweli wetu. Tulipopokelewa hapa tulipewa turubai, sufuria, blanketi, panga na jembe, na kipande cha ardhi kikapimwa kwa kamba. Jembe tuliliuza juma lile lile. Tulijiambia kwamba mtu aliyemaliza chuo cha ualimu hawezi kuonekana ameinama shambani, na kwamba vita vitakwisha baada ya miezi miwili. Ardhi yetu ikaota magugu hadi mama mmoja mwenyeji, ambaye shamba lake linapakana na la kwetu, alipokuja na jembe lake la pili na kulisimamisha mlangoni bila kusema neno. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na wafanyakazi wa mashirika wanajua kuliko sisi kwamba hawana uwezo wa kuurudisha kama zamani. Siku hizi wengi wetu huenda kufanya leja-leja katika mashamba ya wenyeji. Hatusemi kwamba jembe linatosha. Kipande cha shamba ni kidogo, mvua haina ahadi, na mwenye watoto saba hawezi kuwalisha kwa mistari michache ya mahindi. Apolo naye alilala njaa mara nyingi. Tunasema tu kwamba yeye alilinunua na sisi tuliliuza.

Turudi Boga. Wakaaji wake walikuwa wafugaji na wakulima, na Tabaro aliwatawala kwa mkono mzito. Apolo alipofundisha kusoma, vijana walimpenda. Alipofundisha kuacha ulevi, hirizi na wingi wa wake, wazee walimchukia. Si ajabu. Mgeni anapokuja kutoka nchi yenye nguvu na kuanza kubadilisha desturi, chifu mwenye akili lazima ajiulize nyuma yake wanakuja akina nani. Waganda wa wakati ule walikuwa wakitembea pamoja na majeshi ya Waingereza, na Tabaro hakuwa mjinga. Hata hivyo aliyotendewa Apolo yalipita kiasi. Nyumba yake ya maombi ilichomwa moto. Alipigwa. Watu walizuiwa kumwendea.

Kisha likatokea jambo baya zaidi. Mwanamke mmoja wa jamaa ya chifu aliangukia mkuki karibu na nyumba ya Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini mtu anayetafutiwa sababu hahitaji zaidi ya hapo. Apolo alishtakiwa kuua. Alikamatwa, akapelekwa Toro mbele ya ofisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Fikirini, ndugu: njia ile ile aliyokuja nayo na jembe, sasa anarudishwa nayo kama mwuaji, kwa watu waliomjua kama mwalimu.

Katika siku hizo za mateso aliona maono, ambayo aliyashuhudia hadi uzee wake. Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa alikuwa pamoja naye. Wasomaji watayapokea maono hayo kila mtu kwa imani yake. Kwa upande wetu tunaangalia yaliyofuata.

Mashtaka hayakuthibitika, akafunguliwa. Mtu huru, mwenye jina lililosafishwa, mwenye marafiki katika nyumba ya mfalme. Alikuwa na njia nyingi. Angeweza kubaki Toro. Angeweza kumpeleka Tabaro mbele ya ofisa yule yule, maana sasa mizani ilikuwa imegeuka. Hatusomi popote kwamba alidai fidia ya nyumba iliyochomwa wala ya mgongo wake. Alivuka Semliki mara nyingine, akarudi Boga, kwa Tabaro yule yule, akaendelea kufundisha. Na baadaye chifu huyo aliomba ubatizo mwenyewe. Alichagua jina la Paulo, jina la mtu aliyewatesa waumini kabla hajaamini. Tunadhani hapo Tabaro alikuwa akitoa maungamo yake kwa neno moja.

Tumefika mahali pagumu katika makala hii, na tumeiandika sehemu hii mara tatu. Katika usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku wa siku ile ile ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50, wakiwemo watu waliokuwa tayari wakimbizi ndani ya nchi yao. Miongoni mwetu wapo waliozika usiku ule, na wapo ambao hawakupata hata mtu wa kuzika. Kumwambia mtu wa namna hiyo habari za Apolo na Tabaro ni rahisi kwa asiyepoteza kitu. Sisi hatuwezi kumwambia mjane asamehe kabla ya wauaji kujulikana majina. Apolo alimsamehe mtu aliyemjua uso, aliyekuwa hai, aliyeweza kutubu. Na jambo la mauaji lina hukumu yake, ambayo ni kazi ya mahakama, na Biblia haikuifuta.

Lakini lipo jambo lingine ambalo halihitaji mahakama. Katika kijiji chetu hapa kambini, tangu walipofika wageni wa mwisho, watu wa upande mwingine wa Ituri, akina mama wamegawanyika foleni mbili penye bomba la maji. Hakuna aliyeamuru. Siku moja zilionekana mbili, na kesho yake kila mtu alijua asimame wapi. Wapo waliokuja kwa kamati kuomba familia zile zihamishwe, wakisema damu ya ndugu zetu iko mikononi mwa watu wao. Kamati ilikataa. Miongoni mwa familia zile tumewahesabu watoto kumi na mmoja wasiofika miaka sita. Hadi tunapoandika, foleni zingali mbili, na mwalimu akigawa kalamu darasani lazima aangalie anaanzia upande gani. Tunaliandika jambo hili hapa mbele ya watu wote, wafanyakazi wa mashirika wakiwemo, kwa sababu ndilo tulilolifikiria muda wote tulipokuwa tukisoma habari za mtu aliyerudi Boga.

Yaliyofuata katika maisha ya Apolo tutayapita kwa haraka. Askofu Alfred Tucker alimweka kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alitumika zaidi Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mipaka, na baada ya mapatano ya mwaka 1910 Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Hivyo kondoo wa kwanza wa Apolo wakawa watu wa nchi nyingine kwa kalamu ya watu wasiowahi kuwaona. Katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza alirudi Boga kukaa moja kwa moja. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe, lakini hakuhamia Namirembe. Alikaa Boga, katika nyumba iliyojaa watoto wa watu wengine aliowalea kama wake, na alichokipata alikigawa kwa walimu wake na kwa maskini. Albert Lloyd, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Toro na kumjua kwa karibu, aliandika vitabu kuhusu maisha yake, na vitabu hivyo ndivyo vilivyolifikisha jina lake mbali.

Apolo alikuwa amekaribia umri wa miaka 60 alipoanza kazi ambayo wengi humkumbukia. Magharibi ya Boga unaanza msitu mkubwa wa Ituri, na ndani yake wanaishi Wambuti. Tunaandika Wambuti kwa kuwa hilo ni jina lao, siyo lile jina la dharau ambalo bado tunalisikia hata katika foleni ya mgao. Wenye mashamba ya pembeni mwa msitu waliwahesabu kama mali yao, watu wa kuleta nyama na asali na kupewa ndizi. Ni nani angewapelekea kitabu? Mwaka 1921 Apolo alipata maono mengine ya kumtuma msituni, akaenda. Alikwenda kwa miguu, akalala penye kambi zao za majani, akangoja pale walipohama na kuwatafuta tena walikohamia. Alijifunza lugha yao akaanza kutafsiri Injili ya Marko. Mzee mwenye cheo cha kanoni aliketi chini kufundishwa maneno na wawindaji ambao jirani zao hawakukubali kula nao sahani moja. Katika miaka yake ya mwisho aliwaona baadhi yao wakibatizwa.

Watoto wa Wambuti wapo hata hapa kambini, wachache. Mmoja yuko darasa la tatu. Akifika shuleni wenzake husogea kwenye benchi, na sisi walimu tumekuwa tukijifanya hatuoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 Apolo alikuwa mgonjwa. Alikuwa na watu wake Buganda, na wakubwa wa Kanisa wangempokea huko kwa heshima. Alichagua kufia Boga, na huko alifariki tarehe 30 Mei 1933.

Wazee wetu wanaofariki hapa kambini huacha maagizo. Mara nyingi huomba walazwe wakielekea Semliki, upande wa nyumbani, na sisi tunaochimba kaburi huwa tunasimama kwanza kulitafuta jua ili tusikosee. Waganda nao walikuwa na desturi ya namna hiyo kwa mtu afiaye ugenini. Kichwa cha Apolo kingelazwa mashariki, upande wa kwao. Yeye aliagiza kabla ya kufa kwamba wasifanye hivyo. Alitaka kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi huko ilikuwa bado. Wakamzika hivyo.